Tafakuri ya leo: Dossa Aziz, aliyetoa na asidai

 

Ukitoka Kibaha kuelekea Chalinze utapita Mlandizi. Hapo ndipo alipomalizia maisha yake Dossa Aziz. Huenda unakaa jirani na pale na jina hilo hujawahi kulisikia.

Baba yake, mzee Aziz Ali, alikuwa mjenzi wa majumba, tajiri hasa katika Dar es Salaam ya wakoloni. Ile Mtoni kwa Aziz Ali unayopita na daladala ni yeye huyo. Kwa hiyo Dossa hakukulia shida. Angeweza kutulia na mali ya baba, akaelewana na Mwingereza, mambo yakamnyookea. Badala yake akaingia kwenye siasa na rafiki zake Abdulwahid na Ally Sykes, na tarehe 7 Julai 1954 alikuwa mmoja wa watu 17 walioasisi TANU. Kadi yake namba 4.

Chama kilikuwa hakina kitu. Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha Pugu, njia ya Kisarawe, anakuja mjini mikutanoni, na inasimuliwa kuwa Dossa ndiye aliyekuwa akimrudisha kwa gari lake. Safari ya Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1955, watu walichanga. Kisha Dossa akatoa Land Rover yake ikawa gari la chama.

Upande wa pili, mwaka 1956 kikaanzishwa UTP, Gavana Twining akiwa nyuma yake, na walowezi ndani yake. Wenye nguvu walikuwa kule. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ukakimaliza.

Mimi sisemi mwenye mali asitoe kwa siasa. Bila akina Dossa TANU ingetembea kwa miguu. Ninachokuuliza ni hiki: aliyetoa gari, uhuru ulipokuja 1961, alirudishiwa nini? Siku hizi jibu tunalijua kabla ya kura kuhesabiwa: tenda, kiwanja, msamaha wa kodi. Dossa uzee ulimkuta Mlandizi, mali imekwisha, na akafia huko akiwa na hali duni miaka ya 1990. Hilo nalo linauma, na aibu si yake.

Baadaye sheria yetu ya uchaguzi ikaruhusu takrima. Neno zuri la kumkirimu mgeni, likapewa kazi ya rushwa! Mahakama Kuu ililifuta mwaka 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Waislamu tulikwishaonywa zamani. Unakumbuka yule aliyetumwa na Mtume (s.a.w.) kukusanya zaka, akarudi na fungu lake akisema amezawadiwa? Aliulizwa kama zawadi hizo zingemfuata angekaa nyumbani kwa wazazi wake.

Sasa mwezi huu tende, mchele na mazulia vitaletwa misikitini, Kibaha na Kisarawe pia, na baadhi ya wanaoleta wana macho kwenye kura yako. Mfungo uliopita usiokuwa na uchaguzi, walikuwa wapi? Kamati ya msikiti iulize hivyo kabla ya kupokea, na wewe uliye kwenye safu uulize pia.

Usiku wa leo baada ya tarawehe, mtaje Dossa bin Aziz katika dua yako.