Jeanne Jugan, Aliyetoa Kitanda Chake

Safari hii tunawaletea habari za mwanamke wa Kanisa Katoliki, wala si wa Kanisa letu la Anglikana. Tumemchagua kwa sababu hapa Saza na vijiji jirani tunawajua wazee wanaolala peke yao, wasio na wa kuwatekea maji. Mtasema desturi yetu ni mzee kukaa kwa wanawe. Ni kweli. Lakini wako ambao hawakujaliwa watoto, na wako ambao watoto wamekwenda mbali wasirudi.

Jeanne Jugan alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, kijiji cha wavuvi katika nchi ya Ufaransa. Baba yake alipotea baharini, naye Jeanne akali mtoto mdogo. Alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni kwa tajiri. Baharia mmoja alimposa, akamkatalia. Mwaka 1817 alihamia Saint-Servan, akahudumia wagonjwa hospitalini miaka sita mpaka nguvu zikamwishia. Kisha akawa mtumishi wa mama mmoja hadi mama huyo alipofariki mwaka 1835.

Basi, majira ya baridi ya mwaka 1839, Jeanne akiwa na miaka 47, alipata habari za Anne Chauvin, mzee kipofu aliyepooza upande mmoja. Dada yake aliyekuwa akimtunza alikuwa amechukuliwa hospitalini, hivyo hakuna aliyebaki wa kumpa hata uji. Jeanne alimleta katika chumba alichopanga pamoja na bibi mwingine, akampandisha ngazi, akamlaza katika kitanda chake. Mwenyewe akaenda kulala darini.

Punde akaja wa pili, Isabelle Coeuru. Huyu alikuwa mtumishi wa nyumbani. Mabwana zake walipofilisika hakuwaacha, akawatunza bila mshahara mpaka wakafa. Hapa kwetu, penye mgodi wa zamani wa dhahabu, habari ya mtu kumaliza nguvu zake katika kazi ya mwingine na kubaki mikono mitupu si ngeni.

Mwaka 1841 wazee walikuwa 12, na mwaka uliofuata wakawa wengi zaidi. Wengine walikuwa wamezoea kuombaomba njiani. Jeanne aliwauliza majina ya watu waliokuwa wakiwapa, akachukua kikapu, akaenda yeye badala yao. Aliomba mkate, kuni, nguo kuukuu, chochote. Husimuliwa kwamba mtu mmoja alimpiga kofi. Jeanne akamshukuru kwa hilo lililokuwa lake, kisha akamwomba sasa ampe na la wazee.

Wanawake wengine walijiunga naye, likazaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini. Na hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1843 masista walimchagua tena kuwa mkuu, lakini padre wao, Auguste Le Pailleur, akautangua uchaguzi huo na kumweka kijana mahali pake. Jeanne akarudi kwenye kikapu chake. Mwaka 1845 Chuo cha Ufaransa kilimpa zawadi ya faranga 3,000, nazo zikaenda kwa wazee. Mwaka 1852 padre akamwita akae makao makuu, asitoke tena kuomba. Alikaa huko miaka 27, na vijana waliojiunga hawakujua kwamba bibi yule mrefu mwenye fimbo ndiye aliyeanzisha kazi yote. Padre alijiita mwanzilishi. Sisi twaona dhuluma ile ilikuwa kubwa, maana aliyewatafuta waliosahauliwa alisahauliwa naye, tena nyumbani mwake. Hakuna habari kwamba alilalamika.

Alifariki tarehe 29 Agosti 1879, mwenye miaka 86. Mwaka 1890 Roma ilimwondoa padre yule, na ukweli ukajulikana taratibu. Mwaka 2009 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza Jeanne kuwa mtakatifu. Masista wake wamefika hata Nairobi, ambako makao yao huitwa Nyumba ya Wazee.