Edith Clarke: Mhandisi Aliyecheleweshewa Jina Lake

Wapo wanaoshikilia kwamba cheo ni jina tu, na kwamba lililo muhimu ni kazi. Mimi nikiwa mwalimu wa isimu sikubaliani nao. Jina la kazi huamua mshahara, huamua ni nani atakayesikizwa kikaoni, na humfundisha kijana anayeanza kazi ajihesabu kuwa nani. Maisha ya Edith Clarke, mhandisi wa umeme wa Marekani, yanalithibitisha jambo hili.

Clarke alizaliwa mwaka wa 1883 katika jimbo la Maryland. Alifiwa na wazazi wote wawili angali mtoto, na urithi alioachiwa akautumia kusomea hisabati na elimu ya nyota katika Chuo cha Vassar, ambako alihitimu mwaka wa 1908. Baada ya kufundisha kwa muda, aliingia katika kampuni ya simu ya AT&T akiwa mkokotoaji. Katika Kiingereza cha siku hizo, neno kompyuta lilikuwa jina la mtu, aghalabu mwanamke, aliyewapigia wahandisi hesabu zao.

Mnamo mwaka wa 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT. Hata hivyo, hakupata kazi ya uhandisi. Kampuni ya General Electric ilimwajiri kuwasimamia wanawake wakokotoaji. Akiwa na cheo hicho alibuni chombo cha kurahisisha hesabu za nyaya zinazosafirisha umeme masafa marefu, akaomba hataza mwaka wa 1921. Mwaka huohuo aliacha kazi, akaenda Uturuki kufundisha fizikia katika chuo cha wanawake. Aliporejea mwaka wa 1922, kampuni ileile ilimwajiri, safari hii kama mhandisi. Alikuwa na umri wa miaka 39, na shahada yake ilikuwa ileile.

Tangu hapo hakurudi nyuma. Mwaka wa 1943 alichapisha kitabu kuhusu mifumo ya umeme kilichotumiwa na wanafunzi wengi. Mwaka wa 1947 alianza kufundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Aliaga dunia mwaka wa 1959.

Kiswahili chetu hakina kisingizio katika suala hili. Neno mhandisi limo katika ngeli ya A-WA, nayo haibagui mume wala mke. Mbona basi twasema mhandisi wa kike, ilhali ni nadra kusikia mhandisi wa kiume? Kivumishi hicho kinamwambia binti aliyehitimu juzi kwamba yeye ni mgeni katika taaluma aliyoisomea. Walimu wenzangu, tuwaite wasichana hawa wahandisi bila nyongeza. Nao waajiri wahakikishe kwamba jina hilo linaandamana na majukumu na mshahara wake tangu siku ya kwanza, wasije wakangojea miaka kama Clarke.