Makwaia Yupi?



Huku kwetu Shinyanga ukitaja Chifu Makwaia, wazee wanakuuliza: yupi? Baba, Makwaia Mwandu, alitawala Busiya. Mwaka 1945 mwanawe Kidaha akarithi kiti, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu tu. Mwaka huohuo yeye na Chifu Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Si mchezo! Mwaka 1954 akaachia uchifu, ukaenda kwa ndugu yake Hussein. Makwaia watatu, kiti kimoja. Hata mimi nilikuwa nawachanganya.

Lakini Kidaha alikuwa na jina ambalo hakulirithi: David. Aliingia Ukatoliki, akabatizwa kwa jina hilo.

Baada ya uhuru alipelekwa Tunduru, mbali kabisa na kwao. Mwaka 1963 uchifu wenyewe ukafutwa kisheria. Alifariki 2007.

Jina la ukoo lilimpa kiti, na kiti kikaondoka. La ubatizo halikufutwa na sheria yoyote. Nakiri, langu niliwahi kuliacha kwenye cheti tu. Lako je, unaliishi?