Maisha ya Henry Royce, Fundi wa Magari

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wasomaji wapenzi, methali hii inamfaa sana Henry Royce, ambaye jina lake ndilo la pili katika gari la Rolls-Royce.

Royce alizaliwa tarehe 27 Machi 1863 katika kijiji cha Alwalton, Uingereza. Usidhani alizaliwa katika mali! Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga unga, lakini biashara ilianguka, na mwaka wa 1872 akafariki. Henry alikuwa na miaka tisa tu. Ikabidi auze magazeti, kisha akawa tarishi wa kupeleka simu za maandishi. Shule alisoma kama mwaka mmoja hivi. Shangazi yake alimlipia ajifunze ufundi katika karakana ya reli mjini Peterborough, lakini pesa zikaisha kabla hajamaliza.

Je, alikata tamaa? La hasha! Jioni alijisomea hesabu na umeme. Mwaka wa 1884 yeye na mwenzake Ernest Claremont walifungua karakana ndogo Manchester. Baadaye Royce alinunua gari la Kifaransa. Hakuridhika nalo. Akalifungua, akalichunguza, na mwaka wa 1904 akaunda lake. Mwaka huohuo alikutana na Charles Rolls, mtoto wa tajiri aliyekuwa akiuza magari, wakaungana.

Mwaka wa 1907 gari lao moja lilipakwa rangi ya fedha likaitwa Silver Ghost, yaani Mzuka wa Fedha, kwa sababu lilipita kimya kama mzuka. Lilikuwa na silinda 6. Lilienda na kurudi kati ya London na Glasgow zaidi ya maili 14,000 bila injini kuwaangusha. Si mchezo! Magari ya aina hiyo yaliundwa hadi 1926, zaidi ya 7,000.

Sisi wa Kisii tunakumbuka kwamba Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana hapa mjini. Katika vita hivyohivyo, baadhi ya magari ya Royce yalivikwa chuma yakaletwa Afrika Mashariki kupigana.

Rolls alikufa katika ajali ya ndege mwaka wa 1910. Royce naye aliugua sana, lakini aliendelea kuchora mitambo akiwa nyumbani. Mwaka wa 1930 alipewa cheo kikubwa, na bado alipenda kujiita fundi tu. Alifariki tarehe 22 Aprili 1933.

Wenzangu wa Kisii na Nyamira, wengi wetu tunajua kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Royce hakusifu kukosa shule. Aliitafuta elimu usiku baada ya kazi. Basi ukirudishwa, beba vitabu vyako. Na ukimpita fundi wa jua kali amelala chini ya gari, usimcheke. Huenda yeye ndiye Royce wetu.