Napoleon na Adui wa Tumboni

Ni askari gani asiyelijua jina la Napoleon Bonaparte? Alizaliwa mjini Ajaccio, kisiwani Corsica, mwaka 1769; akawa jenerali akiwa na umri wa miaka 24, na mwaka 1804 akavikwa taji la Ukaizari wa Ufaransa. Vita vyake twaviacha kwa leo. Twataka kumweleza adui mmoja ambaye jemadari huyo hakumtambua kamwe.

Aliposhindwa Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, Waingereza walimhamishia kisiwa cha St Helena, katikati ya Bahari ya Atlantiki. Huko maumivu ya tumbo yalimzidi, akawa akitapika, na katika miezi ya mwisho mtu yule mnene akakonda sana. Akafa tarehe 5 Mei 1821, umri wake miaka 51.

Mwenyewe alikuwa ameamuru maiti yake ipasuliwe. Baba yake, Carlo, alikufa kwa maradhi ya tumbo mwaka 1785, naye Napoleon alihofu kuwa ni ugonjwa wa ukoo, akataka mwanawe aonywe mapema. Kesho yake daktari Antommarchi, Mkorsika mwenzake, alimpasua mbele ya madaktari wa Kiingereza. Walikuta donda kubwa limetapakaa katika mfuko wa chakula, na tundu lililopenya ukutani mwake, likazibwa na ini.

Mwaka 1961 ilichapishwa hoja kwamba alilishwa sumu, na wengi hadi leo hupenda kuiamini, kwa kuwa hila husimuliwa vizuri kuliko ugonjwa. Lakini mwaka 2007 madaktari wa Ulaya na Marekani walilinganisha taarifa za upasuaji ule na hali za wagonjwa wa siku hizi, wakakata shauri kuwa ilikuwa saratani iliyokwisha komaa. Chanzo chake, walisema, yaelekea hakikuwa ukoo, bali uvimbe wa tumbo wa miaka mingi, ukichochewa na chakula cha vitani: nyama ya chumvi tele, matunda na mboga haba. Hilo askari wa msafara mrefu atalielewa bila kufafanuliwa.

Uvimbe huo huletwa hasa na kijidudu kiitwacho Helikobakta pailori, ambacho Warren na Marshall wa Australia walikigundua mwaka 1982. Huingia kwa kinywa, mara nyingi utotoni, kikadumu tumboni. Kwa walio wengi hakileti saratani. Kwa wachache, ngozi ya ndani ya tumbo huchubuka na kuvimba miaka nenda miaka rudi, hukonda, chembechembe zake hugeuka tabia, na mwisho saratani huzuka. Siku hizi kijidudu hicho hupimwa hospitali na kuuawa kwa dawa za majuma mawili hivi. Anayeyatuliza maumivu kwa vidonge vya dukani hukiacha pale pale.

Mwana yule aliyekusudiwa kuonywa hakufikia umri wa kuugua tumbo. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1832, akiwa na miaka 21.