Harry Allard na tumbaku iliyogoma kuchanua

Msikilizaji, Harry Allard alizaliwa Marekani mwaka 1880, akawa mtafiti wa mimea serikalini. Yeye na mwenzake Wightman Garner walisumbuliwa na tumbaku iitwayo Maryland Mammoth: majani tele, kimo kumpita mtu, lakini haitoi ua mpaka baridi inaiua shambani. Bila ua, mbegu utaitoa wapi?

Julai 1918 wakaiingiza kwenye kibanda chenye giza kila saa 10 jioni, wakiitoa saa 3 asubuhi. Ikachanua! Shida haikuwa mbolea, ilikuwa siku ndefu za huko kwao. Wao walidhani mmea hupima mchana. Mwaka 1938 wengine wakaonyesha kwamba hasa hupima usiku. Allard alifariki mwaka 1963.