BIBI TITI MOHAMED: MAMA WA NGOMA ALIYEPIGANIA KURA

Siku ya uchaguzi hapa Migori na kwa jirani zetu Homa Bay, akina mama hupanga foleni alfajiri na mapema. Sisi twaona ni jambo la kawaida tu. Hebu tuvuke mpaka pale Isebania, twende Tanzania, tumjue mama mmoja aliyeihangaikia haki hiyo.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1926. Hakusoma sana, aliishia shule ya msingi. Sifa yake ilikuwa sauti, kwani alikuwa mwimbaji wa ngoma za akina mama. Chama cha TANU kilianzishwa mwaka wa 1954, na mwaka wa 1955 akapewa kazi ya kuwaongoza wanawake wa chama. Alianza na watu aliowajua. Aliviendea vikundi vya ngoma, viongozi wakakubali, nao wakawaleta wenzao. Kwa miezi michache tu, wanawake wapatao 5,000 walichukua kadi za TANU!

Sasa tazameni sheria za mkoloni. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe amefika darasa la nane, au apate pauni 150 kwa mwaka, au awe na cheo fulani. Je, mama muuza vitumbua angezitoa wapi pauni hizo? Basi wengi waliokichangia chama hawakuweza kupiga kura. Hata hivyo hawakuvunjika moyo. Bibi Titi alizunguka nchi akihutubia mikutano, na chama kikashinda. Mwaka wa 1960 masharti yalilegezwa, na mwaka wa 1962 watu wazima wote, wake kwa waume, waliruhusiwa kumchagua rais. Huku kwetu Kenya ilikuwa mwaka wa 1963.

Bibi Titi alipata ubunge na unaibu waziri. Lakini mwaka wa 1965 watu wa Rufiji walimnyima kura. Naam, kura aliyoipigania ndiyo iliyomwangusha! Mwaka wa 1969 alikamatwa kwa mashtaka ya uhaini, akafungwa maisha, kisha Rais Nyerere akamwachilia mwaka wa 1972. Alifariki mwaka wa 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Wako wavulana wasemao ati msichana atapiga kura kama atakavyoambiwa na mumewe. Wakumbuke kwamba Karachuonyo ilimchagua Bi. Phoebe Asiyo kuwa mbunge mwaka wa 1979, na Homa Bay ikamchagua Bi. Gladys Wanga kuwa gavana mwaka wa 2022.

Wenzangu, miaka 18 i karibu. Kura iliyotafutwa kwa jasho hivi, tusiiuze kwa kilo moja ya sukari. Haba na haba hujaza kibaba.